Mwizi Aliyejulikana na Mwalimu Peke Yake

Mwalimu hakunifundisha darasani hata siku moja. Nilipomjua alikuwa amekwisha kustaafu, na mimi tayari nilikuwa na duka langu la kupiga chapa na fotokopi hapa Kitale, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Yote niliyojifunza kwake nilijifunza nikiwa nimempa mgongo, macho yangu kwenye kompyuta, yeye amesimama nyuma yangu akinisomea maneno ya wanyama. Watu wote walimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mama Ciku. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, tukatoa vitabu tisa. Hicho cha kumi ndicho kinachoninyima raha mpaka leo.

Vilikuwa vitabu vya michoro, hadithi za upelelezi, na ndani yake hamkuwa na binadamu hata mmoja. Mpelelezi wake aliitwa Inspekta Nguchiro: mwembamba, macho mekundu, koti refu la mvua hata jua likiwaka, na tabia mbaya ya kunusa mkono wa kila aliyemsalimu. Msaidizi wake alikuwa Koplo Kobe, aliyeandika maelezo ya mashahidi polepole hivi kwamba shahidi mwongo alichoka na uongo wake kabla sentensi haijafika mwisho. Mji wao haukuwa na jina. Ulikuwa na mahindi yaliyofika mlangoni, reli, mlima kwa nyuma, na boda boda zilizoendeshwa na ngedere. Mtu wa Kitale akisoma alisema hapa ni Kitale, wa Bungoma akaapa kwamba ni Bungoma. Mwalimu akiulizwa alijibu, "Ni pale pale," akabadilisha mazungumzo.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, baba yake alikuwa nani, hayo sitayasema, kwa sababu hakutaka yasemwe. Huku kwetu ukishamsalimu mtu, swali la pili ni kwao wapi, na jibu lake ndilo huamua swali la tatu litaulizwa kwa sauti gani. Mwalimu alikuwa na jibu moja tu. "Mimi ni wa darasa la nne," alisema, kwa maana alilifundisha darasa hilo miaka mingi kuliko lingine lolote. Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakaenda kuuliza pembeni. Alijua wameuliza, naye hakujali. Au alijitia kutojali, sina hakika.

Mikono yake ilikuwa kichekesho. Mkono ule ule uliochora manyoya ya kanga, doa moja moja, mpaka ukatamani kuyapapasa, ukishika kalamu kuandika neno uliandika mwandiko wa kutisha. Mwalimu mzima wa shule ya msingi! Nilimwambia waziwazi kwamba nawahurumia watoto waliosoma ubao wake. Ndiyo sababu alinihitaji. Aliacha viputo vya maneno vitupu midomoni mwa wanyama, akaja dukani, akanisomea. Mimi nikapiga chapa, nikachapisha, nikakata kila sentensi kwa makasi na kuibandika mahali pake kwa gundi. Baadaye nilimwonyesha kwamba kompyuta inaweza kufanya yote hayo bila makasi. Alitazama kwa heshima, akasema, "Ni nzuri," kisha akanipa makasi.

Alinisumbua sana kuhusu lugha. Yeye mwenyewe aliongea kama sisi sote, hii maneno, ile vitu, ati nini bana. Lakini Inspekta alipofungua mdomo, Kiswahili kilinyooka kama kilichopigwa pasi. Nilikuwa nikimchokoza: "Mwalimu, mbona nguchiro anajua Kiswahili kukushinda?" Alinijibu bila kucheka, "Mimi niko na pensheni. Yeye bado yuko kazini."

Hakuvumilia wanyama. Nasema kweli. Aliwachora kwa mapenzi, lakini akimwona mbwa ng'ambo ya barabara alingoja mpaka apite. Siku moja alikuja nyumbani kwangu kuniletea karatasi, mabata bukini wangu wakamfukuza kuzunguka ghala la mahindi mara mbili, naye akawa anawasihi kwa adabu, "Jamani, jamani, ngojeni tuelewane." Nilicheka nikakaa chini. Kobe hakuwahi kumgusa maishani mwake. Koplo Kobe alimchora kutoka picha ya kalenda, na miguu aliitoa kwa mjomba fulani wa jirani.

Na kuku je? Hapo ndipo alipoaibisha watu. Kuna kitabu, nadhani cha tano, ambamo kuku mmoja mweupe alikuwa shahidi mkuu. Mwalimu alipokuwa anakichora alialikwa Bungoma, kwenye boma la watu waliotaka kuoa kwake. Mnajua kuku ni nini Bungoma. Mgeni wa heshima huwekewa kuku, na mzee huwekewa firigisi juu ya sahani, na hapo ndipo anapojua amepokelewa. Mwalimu aliitazama firigisi ile, akaisukuma kando, akasema mbele ya wazee wote, "Huyu siwezi. Bado hajatoa ushahidi." Walidhani ametukana boma. Ilibidi binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa, alete kitabu na kuwaonyesha kuku mweupe kwenye ukurasa wa kumi na tisa, akieleza huku analia. Wazee wakakizungusha kitabu mkono kwa mkono. Mmoja wao akauliza kama kuku huyo atakuja kusema kweli. Posa ilikubaliwa, na binti akaolewa Kabuchai, lakini mpaka leo huko wanamwita baba yake Mzee Firigisi.

Ubunifu wake aliutoa kortini. Alikuwa na desturi ya kushuka Bungoma siku moja kila wiki na kukaa kwenye benchi la nyuma la mahakama, mahali pa watu wasio na kesi, ana mandazi mawili kwenye karatasi, akisikiliza kesi ndogo ndogo: baiskeli, ndoo ya maziwa, mpaka wa shamba uliohama mita mbili. Nilimuuliza kwa nini hachori wezi wakubwa, hawa wa magazetini. Alisema mwizi mkubwa hachoreki, kwa sababu hana aibu, na mtu asiye na aibu huna la kuchora usoni mwake. Mwizi wa ndoo, alisema, ukimtazama anapoitwa jina unaona kila kitu.

Kulikuwa na sheria moja ambayo aliitunga baada ya kuumizwa. Katika vitabu vitatu vya kwanza mwizi alikuwa Fisi, na wasomaji walimpenda Fisi wao, wakawa wanamngoja ashikwe tena. Kisha mtu mmoja akaingia dukani kwangu, mtu mzima, mwenye heshima zake, akamkuta Mwalimu pale.

"Mwalimu, hii fisi unachora kila saa. Ni sisi, ama?"

"Nyinyi akina nani?"

"Wewe unajua."

"Ndugu yangu, mimi sijui."

"Unajua," yule mtu alisema, akatoka taratibu bila kugonga mlango. Afadhali angeugonga. Mwalimu alikaa kwenye kile kiti changu cha wateja mpaka nilipofunga duka. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia hii kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, na mpaka leo tunahesabiwa kabila la wageni. Hakuhitaji kunieleza maneno "nyinyi" na "sisi" huku kwetu yanaweza kuzaa nini. Tangu siku hiyo hakuna mnyama aliyekuwa mwizi mara mbili. Na aliyekuwa mwizi katika kitabu kimoja, lazima katika kitabu kinachofuata arudi mjini, apewe kazi, na asalimiwe kwa jina. Fisi alirudi akiwa mwimbishaji wa kwaya. Mwaka wa kampeni Mwalimu hakuchora kabisa. Alisema wakati wa kura hata sisimizi ana chama.

Sasa nieleze jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu msiba wangu wote umo humo.

Mwalimu hakuwahi kumwandika mwizi popote. Alichora kitabu kizima akiwa amembeba kichwani, akitawanya dalili huku na huku, na kurasa aliniletea zikiwa zimechanganywa, ya thelathini kabla ya ya nane. Aliamini kwamba nikimjua mwizi mapema, mkono wangu utabandika maneno yake tofauti na ya wengine, na msomaji atanusa. Kurasa nne za mwisho hakunionyesha kabla hazijaisha. Siku akizimaliza alivaa tai, akaja dukani, akafunga mlango, akasimama nyuma yangu na kunong'ona. Hivyo ndivyo nilivyojua. Vitabu tisa, mara tisa, nilijua mwizi kwa sikio la kulia, mgongo umenisisimka, nikipiga kelele, "Aaa! Huyo? Mwalimu, huyo?" Naye alicheka kwa pua. Sikuwa na raha nyingine kama ile, na sioni haya kusema.

Kitabu cha kumi kilihusu ghala la mbegu. Mvua inakaribia, mji mzima umeweka mbegu zake za mahindi katika ghala moja, na asubuhi ya kupanda ghala ni tupu. Chini ya ukuta kuna shimo. Wanaoshukiwa ni watatu: Nungunungu aliyekuwa mlinzi, Fuko ambaye kazi yake ni kuchimba visima, na Bi Kanga aliyekuwa na ufunguo. Zilikuwa kurasa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Kuna kisanduku kimoja cha mchoro ambamo wanyama wamesimama kando ya mashamba yaliyolimwa, majembe mikononi, hawana cha kupanda, na hakuna kiputo hata kimoja. Mtu wa Kitale hawezi kukitazama muda mrefu.

Siku moja aliniletea ukurasa wa ishirini na mbili. Wiki iliyofuata akaniletea tena ukurasa wa ishirini na mbili, ameuchora upya kutoka mwanzo, mstari kwa mstari, hajui kwamba upo. Niliweka karatasi mbili pamoja nikacheka. "Mwalimu, siku hizi unajifotokopi mwenyewe, unataka kuniharibia biashara." Alicheka pia. Kisha alichukua ule wa pili, akaukunja mara nne, akautia mfukoni.

Kisha ikaja alasiri ya mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele tukashindwa kufanya kazi. Mwalimu alivuta kiti chake karibu na changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akainama.

"Mama Ciku, wacha nikuambie ni nani."

"Nani nini?"

"Mwizi. Wacha nikuambie sasa."

"Aah! Wacha, Mwalimu! Bado kurasa kumi. Usiniharibie."

"Sikiza tu. Ni neno moja."

Nikatia vidole masikioni. Mimi, mama wa watoto watatu, nikatia vidole masikioni na kuanza kuimba kwa sauti wimbo wa kanisa, nikicheka, nikitikisa kichwa. Niliona midomo yake ikisogea. Nilipoondoa vidole alikuwa ameacha.

"Na nikisahau?" aliuliza.

"Utasahau aje na ni wewe umemficha?"

Alitazama mawe yakiruka kwenye ngazi. "Ni kweli," alisema. "Ni mimi nimemficha."

Nimeirudia alasiri ile mara nyingi kuliko ninavyorudia sala. Mzee alikuwa amehisi kitu kinamtoka, akakimbia na mzigo wake kwa mtu aliyemwamini, na mtu huyo akamwimbia. Hakuwa anacheza. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza. Najichukia kwa hilo, na hakuna mtu wa kuniambia nisijichukie, kwa sababu anayeweza hajui tena ni kitu gani anachopaswa kunisamehe.

Miezi michache baadaye alikuja amevaa tai. Alifunga mlango. Nikageukia kompyuta, nikanyoosha mgongo, nikangoja. Nilisikia pumzi yake. Nilingoja zaidi. Bahasha aliyoileta ilikuwa mezani, nami nikaona inakaribia kuwa bapa. Niliifungua: karatasi nne nyeupe, zimepigwa mistari ya visanduku kwa rula, vizuri kabisa, na ndani ya visanduku hamna kitu.

"Mama Ciku," alisema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyepotea sokoni. "Nilikuwa nimekuja kukuambia nini?"

Binti yake alikuja kumchukua kabla mwezi haujaisha. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa, utakwenda taratibu. Akahamia Kabuchai kwa binti, kwenye nyumba iliyozungukwa na miwa. Nami nikabaki na kurasa arobaini, na mbele yake ukuta.

Nilipekua madaftari yake yote, kwa ruhusa ya binti. Nilikuta michoro ya mikono ya mahakimu, magunia, sura za watu waliokuwa wanangoja kuitwa, hesabu ya mandazi. Mwizi hayumo. Nilisoma zile kurasa arobaini mpaka nikazikariri. Kinyozi jirani aliniambia, "Si uweke tu mbweha? Mbweha hakosi makosa." Nilimnunia wiki nzima. Binti naye, kwa upole, alinipigia na kusema hivyo hivyo kwa njia yake: kuna kijana wa Webuye anayejua kuchora, si tumalizie tu, tuweke yeyote, watu wasome. Wasomaji walikuwa wananiuliza barabarani. Nilimwambia siwezi kumfunga mtu jela kwa kukisia. Aliposikia hivyo akasema, "Umeongea kama Papa," jina analomwitia baba yake.

Lakini mwaka huu mvua zilipokaribia alinipigia tena, na safari hii alikuwa analia.

"Mama Ciku, Papa amekataa chakula siku ya tatu. Anazunguka hapa nje anauliza kama mbegu imepatikana. Ati mvua iko karibu na watu hawana mbegu. Nimemwonyesha yetu, iko kwa store, gunia mbili. Anasema si hiyo. Ni ile ya kitabu, si ndio?"

"Ndiyo."

"Basi kuja umwambie imepatikana. Mwambie mwizi ni nani. Mimi akiniangalia nashindwa kudanganya."

Nilikubali. Nilikaa mezani siku nzima nikachagua Fuko. Kuna shimo, na Fuko huchimba mashimo; mtu mwenye njaa ya siku tatu hahitaji zaidi ya hapo, nilijiambia. Nikatia zile kurasa arobaini kwenye bahasha ya kaki na kuondoka Kitale asubuhi. Pale Chwele mwenye boda boda aliyenichukua aliona mchoro uliokuwa juu ya bahasha, akasimamisha pikipiki katikati ya barabara, akauliza kwa lafudhi yake.

"Mama! Hiyo si Inspekta? Ya kumi iritoka?"

"Bado."

"Harafu Mwarimu anaendereaje?"

"Yuko."

"Mwambie tunangoja. Mimi hata ile ya kwanza bado niko nayo."

Tulipita matrekta ya miwa, barabara imejaa vipande vilivyodondoka, na mimi nikawa nafanya mazoezi ya uongo wangu kimoyomoyo.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye baraza, amevaa sweta la binti yake. Alikuwa amekonda. Alinisalimu vizuri, kwa mikono miwili, akanikaribisha, na akaniuliza mtoto wangu yuko darasa gani. Alidhani mimi ni mzazi. Binti aliweka uji mezani, akaingia ndani, akasimama nyuma ya pazia ambapo mimi nilimwona na Mwalimu hakumwona.

"Mwalimu, nimekuletea kitabu," nilisema.

Alizipokea karatasi, akazipiga mezani kingo zikae sawa. Nikangoja azitambue. Nilitazama uso wake kama wanavyotazamwa wagonjwa wanapoamka. Alianza kusoma ukurasa wa kwanza, na nikaona kwamba hazijui kabisa. Alikuwa hajawahi kukiona kitabu hiki. Alisoma akifuata kwa kidole, polepole. Kwenye ukurasa wa sita alicheka kwa pua. Alipofika kwa wale wanyama wenye majembe aliweka kiganja juu ya kisanduku kile na kukaa hivyo muda. Binti alinyoosha mkono kutoka nyuma ya pazia, akasogeza uji, akasahau kujificha, na Mwalimu akaunywa bila kutazama, macho kwenye karatasi. Alikunywa wote. Binti aliniangalia na kuziba mdomo.

Ilimchukua muda wa kuchemsha maharagwe. Alipofunua ukurasa wa arobaini alitazama nyuma yake, kisha chini ya meza.

"Ingine iko wapi?"

"Imeishia hapo, Mwalimu."

"Haiwezi kuishia hapa. Mbegu iko wapi? Mvua ndiyo hiyo inakuja." Sauti ilianza kumpanda, na mikono ikaanza kupekua karatasi upya. "Mama, hawa watu watapanda nini?"

Nikasema uongo wangu. "Imepatikana. Mwizi alikuwa Fuko. Ameshikwa, mbegu zimerudi zote."

Mikono ikatulia. Nikadhani nimefaulu, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Kisha akaniangalia kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu kabla ya siku ya zile karatasi nne tupu, jicho la mwalimu aliyepewa jibu la kunakili.

"Fuko? Hapana."

"Kuna shimo, Mwalimu."

"Umeangalia shimo, hujaangalia udongo." Alirudi moja kwa moja mpaka ukurasa wa kumi na nne, hakutafuta, akaweka kidole kwenye pembe ya kisanduku. "Udongo uko ndani ya ghala. Mtu akichimba kutoka nje, udongo unabaki nje. Hii shimo ilichimbwa na mtu yuko ndani tayari. Fuko hana ufunguo. Alikuwa anaingia aje?"

Nilitazama. Udongo ulikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa na ukurasa ule zaidi ya mwaka, nikasoma kila neno lake, kwa sababu maneno ndiyo yaliyokuwa yangu.

"Basi ni Bi Kanga," nilisema. Sikuwa nadanganya tena, nilikuwa naomba. "Yeye ndiye alikuwa na ufunguo."

"Kanga mguu wake hauwezi kuacha alama kama hii. Ona."

"Nungunungu, basi."

"Hapo ukutani pamebana. Nungunungu angeacha miiba. Umeona mwiba?"

"Sijaona."

"Hakuna."

"Kwa hivyo ni nani, Mwalimu?" Nilimshika mkono. Binti alikuwa ametoka nje kabisa, amesimama mlangoni. "Tafadhali. Ni nani?"

Alifikiri. Aliinamia karatasi, akafunua mbele, akafunua nyuma, kipaji cha uso kikikunjana, na mara moja midomo yake ikafunguka kama mtu aliyeona. Nikainama. Safari hii nilimpa masikio yote mawili. Midomo ikafungwa. Alijaribu tena. Kisha alitikisa kichwa taratibu, na nikaona kwamba anatafuta namna ya kunifariji.

"Sijui," alisema. Akapiga karatasi kingo zikae sawa, akanigusa bega. "Lakini wewe usilie, mama. Huyu mtu anachora vizuri sana. Mtu anachora namna hii hawezi kutuacha hivi. Tumngojee tu, atatuambia."

Akasogea kwenye benchi ili nipate nafasi. Nikakaa.